Wamekuja Kulikagua Taya Langu

Jumamosi, katikati ya Juni. Baridi ya Sumbawanga leo haina adabu. Upepo umevuma tangu alfajiri, na shavu langu la kushoto linauma. Bamba la chuma lililo ndani ya taya huisikia baridi kabla ya ngozi.

Leo Fabiani amekuja.

Ni mwanamume aliyeleta barua ya posa hapa kwetu Katandala mwaka jana, kabla hatujajua uvimbe wa taya langu ni wa nini. Kwenye hospitali ya rufaa walikata kipande cha mfupa wa taya la chini, wakaweka bamba na skrubu mahali pake. Fabiani alipiga simu mara mbili. Kisha kimya, miezi minane. Mtu anayeuza mbegu za mahindi, anayezunguka Ufipa nzima kwa pikipiki, alishindwa kufika Katandala.

Leo amefika na shangazi yake kutoka Msanzi. Wamekuja kunikagua. Hata ng'ombe mnadani hukaguliwa kwa haya kidogo.

Naungama: niliposikia wanakuja, nilipiga pasi gauni la bluu. Nikajifunga skafu ikafunika shavu. Mwalimu mzima wa darasa la nne, najificha sebuleni kwa mama yangu mwenyewe.

Nilimwamkia shangazi shikamoo, akaitikia macho yakiwa shavuni. Maswali yote akamuuliza mama. Kama chuma hicho hakishiki kutu. Kama naweza kutafuna ugali. Kama nikizaa mtoto atakuwa salama, maana damu inapita kwenye chuma. Mama alijibu kwa upole huku akimwongezea chai, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

"Shangazi, niulize mimi," nikasema. "Walikata taya, hawakukata masikio."

Nikavua skafu, nikanywa chai. Mdomo wangu wa chini una ganzi upande ule, kwa hiyo sikujua kama chai inachuruzika kidevuni. Nilijua kwa Fabiani, aliyegeuka ghafla kutazama kalenda ukutani.

Ndipo akaongea, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Alisema yeye hana shida na mimi, harusi iendelee, ila kuna jambo amelifikiria sana.

"Tutamwambia mpiga picha akupige upande wa kulia tu."

Upande wa kulia tu.

Miezi minane ya kufikiri, na hayo ndiyo mavuno. Mimi nimekunywa uji kwa mrija wiki baada ya wiki, nimejifunza upya kutamka herufi b mbele ya watoto arobaini. Yeye kovu la urefu wa kidole linamshinda kulitazama. Nikamwambia aondoke na shangazi yake, hakuna posa tena. Sikupaza sauti. Shangazi alimaliza chai yake kwanza.

Sasa mama analia jikoni. Anasema miaka thelathini na minne si mchezo. Anadhani nina kiburi, nami nimemwacha adhani hivyo.

Maana ukweli ni mbaya zaidi. Kama Fabiani angenyamaza kuhusu picha, je, ningekubali?

Nadhani ningekubali. Ningeolewa naye, na ningemshukuru. Hilo linanichukiza kuliko wao wote wawili.