Nimefagia mawe ya watu

Baba Rehema, goti lako linaendeleaje?

Hapa Minneapolis baridi inauma masikio, ila mimi mzima. Ulinikanya nisifagie nyua za watu. Nimefagia! Mjukuu wako alinipeleka bustanini, penye ukuta mfupi wenye majina ya Wayahudi waliofungiwa mtaa mmoja wakati wa vita kuu ya pili, kisha wakauawa. Nikakuta vijiwe vimetapakaa juu yake, nikavipangusa vyote kwa khanga. Mama mmoja mzee akashika mdomo. Mjukuu akanitafsiria maneno yake: kila jiwe ni mtu aliyekuja kuwakumbuka, na moja mama huyo ametoka kumwekea bibi yake sasa hivi. Nilitamani ardhi inimeze. Tukainama wote watatu, tukaokota. Mara yule mama anacheka huku machozi yanamtoka: “Bibi angekupenda. Kule mtaani walikofungiwa, chumba kimoja walilala watu kumi na wanne, na kila asubuhi alifagia.”

Basi nimeweka jiwe langu, na lako pia, mvivu wewe uliyebaki nyumbani. Ua nikute safi. Mungu akutunze mpaka nije nikugombeze mwenyewe.

Mama Rehema