Goti Langu au Breki

Jumanne, 2 Julai 1974
Maji kwenye rejeta, upepo kwenye tairi, kitambaa kwenye kioo. Kisha sokoni na kurudi. Breki bado ngumu. Leo nimekanyaga kwa miguu miwili ili kumpisha mbuzi. Mbuzi hakujua lolote. Mke wangu, Bi Asha, alijua. Tulipofika nyumbani akanikanda goti bila kuombwa. Nimeudhika. Nimeshukuru pia.

Jumatano, 3 Julai
Rajabu, mwanangu wa kwanza, kaja na shauri lililokwisha kuiva. Jumapili achukue ufunguo. Gari likae kwake Kasingirima, aliendeshe yeye akipata nafasi.

"Baba, ulistaafu ualimu. Goti nalo lina haki yake."

Alisema kwa adabu. Ndiyo inayouma.

Nafasi yenyewe hana. Anajua, na mimi najua. Bila gari Bi Asha hatamwona dada yake, Bi Tatu. Zamani shamba la Bi Tatu lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Mwaka huu kahamishiwa kijiji kipya upande wa Kidahwe, na sisi humwendea kila baada ya wiki mbili. Lakini njia ya huko ina miteremko. Kama ni goti, Rajabu ana haki. Sitamuua mke wangu kwa ukaidi.

Ijumaa, 5 Julai
Nimezunguka ua mara kumi. Nimepanda ngazi za msikiti. Goti kimya. Nikiingia garini, pedali kama jiwe.

Mafuta ya breki yamejaa. Hakuna gurudumu linalovuja. Nimetia grisi pale pedali inapojikunjia. Bado.

Basi ni goti. Nimeandika, nimesoma tena. Siipendi sentensi hii.

Bi Asha, kama kila Ijumaa, kalisugua gari ndani na nje, hata chini ya boneti, na huenda alidhani ni mara ya mwisho. Nilimtazama kupitia dirishani. Nampenda mwanamke huyu. Miaka arobaini na moja, na sijui kama nimewahi kumwambia kwa Kiswahili kilichonyooka.

Jumamosi, 6 Julai
Nimekwenda polepole hadi kwa Mulumba, Kibirizi. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Yeye hutengeneza mashine za mitumbwi, na chochote kingine chenye injini. Nilitaka aniinulie pedali kidogo, imfae mzee. Nikamweleza habari za goti kwa nusu saa, nikamchorea na mifupa mchangani. Alisikiliza huku akila dagaa. Kisha akaingia garini mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini, akakanyaga. Uso ukamkunjamana.

"Mwalimu, mugulu yako haina kitu. Gari ndiyo iko mugonjwa. Goti ulipima, gari uliuliza nani?"

Siku zote hizo hakuna mguu mwingine uliokanyaga pedali ile. Na mimi ndiye niliyefundisha watoto kupima kila jambo mara mbili. Aibu. Lakini furaha imezidi aibu.

Kipimo chake nakiandika nisije nikakisahau. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara nne au tano. Acha mguu palepale, kisha washa. Gari likiwa zima, pedali hushuka kidogo, kwa sababu injini huvuta hewa kutoka chombo cha duara kilicho mbele ya pedali, na mvuto huo ndio humsaidia dereva kukanyaga. Yetu haikushuka. Basi hewa haivutwi. Tukautafuta mpira unaounganisha injini na chombo kile. Kwa nje mzima, unang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Mulumba akaukata kwa kisu. Ndani umevimba na kulainika, umejiziba kama koo lenye mafindofindo. Akaunusa, akacheka mpaka akakaa chini.

Mawese.

Jumapili, 7 Julai
Bi Asha hakukana. Hupaka mawese kila anachokipenda: wajukuu, milango, mipini ya majembe, mimi. Tangu kiangazi kianze, kila Ijumaa, mipira ya gari nayo.

"Si wewe uliyesema? Mpira ni kama ngozi, ukikauka unapasuka."

Nilisema. Nakumbuka hata kidole nilichokiinua. Sikumwambia kwamba mafuta huvimbisha mpira, kwa kuwa sikulijua hilo. Alilia kidogo, akiwaza miteremko ya Kidahwe na yule mbuzi. Nimemwambia kosa ni la mwalimu.

Rajabu alifika saa nne kuchukua ufunguo. Alimkuta Mulumba ameinama chini ya boneti, akifunga mpira mnene wenye nguo ndani yake, alioutoa kwenye lori bovu. Dukani haupo. Siku hizi hata sabuni tunaipangia foleni.

Nikamwambia mwanangu akanyage kwanza, mguu ubaki pale, kisha awashe. Pedali ikashuka.  Akazima, akatoka, akanishikia mlango.

"Shikamoo, Baba," akasema, ingawa tulikwisha kuamkiana.

Jumanne, 9 Julai
Kidahwe na kurudi. Bi Tatu mzima. Nyumba yake mpya imeezekwa nusu. Dada wawili wamechambua maharage na kusengenya watu mpaka alasiri.

Miteremkoni breki laini. Goti linauma kidogo, kweli. Nimeliandika hapa, si kwingine.

Bi Asha alisinzia tangu kilima cha kwanza, mdomo wazi, mtandio umemwangukia begani. Nilipofika nyumbani Ujiji nilizima injini, nikakaa. Sikumwamsha.