Ile Divai ya Moto ni Yangu

Shosti uko? Usinipigie, mume wangu yuko sebuleni. Soma tu.

Tumetoka kwenye kasherehe ka ofisini kwao. Baridi inakata masikio, na yule katibu wao mpya kaweka sufuria ya divai ya moto mezani. Watu wamemzunguka kama nyuki!

Nikaonja. Karafuu, ganda la chungwa, halafu pilipili manga mwishoni. PILIPILI MANGA! Nani anaitia kwenye divai zaidi yangu na marehemu baba?

Nikamsifia kinafiki. Akacheka. "Siri ni moja tu, dada. Usiiache ichemke. Ikichemka, roho yake imetoka."

Roho yake imetoka!! Maneno ya baba yangu, kinywani mwa yule mwenye kucha nyekundu!

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Unajua nilimkuta anafanya nini? Kashika mwiko. Anakoroga! Anaonja, anamwambia, "Bado mdalasini kidogo."

Anakoroga, shosti. Miaka tisa kwangu hajui hata mwiko unakaa wapi.

Njiani nikamuuliza. "Nilimwelekeza tu, mke wangu, kuna ubaya gani?"

Tu!

Sasa kajifunika blanketi, ananiita, "Mama, nitengenezee kikombe cha ile divai yetu."

Yetu!

Nimemwambia sawa. Iko jikoni. Nimeweka moto mkali, nimevuta kiti, nakuandikia huku naisikiliza inavyotokota.