Baba wa Malaz, Mtoto wa Bandarini

Omosh wangu,

Huku Riyadh tuko, mtaa wetu wa Malaz ni uleule. Bosi amenunua gari jipya, na mimi dereva naogopa kulikwaruza kuliko yeye mwenyewe. Na bado nikiona samaki sokoni nacheka peke yangu, kwa sababu yako.

Si wewe uliyetoka kazini bandarini Jeddah na habari za yule mpishi wa meli, mtu wa Pasifiki? Alikwambia kwao watu wa visiwa vidogo walivuka bahari kupeleka mikeka na kamba kwa wakubwa wao wa kisiwa cha Yap. Wenyeji waliitwa baba, wageni watoto, na baba alirudisha chakula na mbao vingi kuliko alivyoletewa. Nikasema hiyo ni kodi tu. Ulikasirika kweli: "Kodi gani inarudi imenenepa?"

Kumbe ulikuwa na mpango wako. Wiki hiyohiyo yule Msudani wa lori la Jeddah na Riyadh akaniletea samaki wakavu, na wewe kwenye simu: "Baba, mtoto ameleta." Mzee mzima, umenizidi umri. Nikarudisha unga wa ugali, majani ya chai na maharagwe, huku nanung'unika. Madam, mke wa bosi, alisikia kuna mtoto Jeddah, akauliza kama ana ikama, kibali cha kuishi huku. Nilimweleza visiwa vyako kwa Kiarabu changu cha kubabaisha, cha mafi na yalla tu, mpaka akachoka.

Ulipofariki, samaki wakakoma. Kip, mwenzako wa chumbani, hakupiga simu, na mimi sikupiga. Nilijiambia mtoto ndiye huanza, ndiyo desturi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona kila kitu chetu kimekufa na wewe, halas.

Halafu nikakumbuka ulivyonieleza kuhusu tufani: kisiwa kidogo kikipigwa, hakuna anayengoja mikeka. Baba hutoa. Nikampa Msudani mzigo mzito kuliko yote. Kip akapiga simu, akaniambia ukweli. Tangu wakusafirishe nyumbani hakuna aliyewasha jiko. Mpishi ulikuwa wewe, wenzako wanakula mikate mikavu. Sasa wanasonga ugali wenye madonge na kunitumia picha bila aibu.

Kip ananiita "bro" badala ya baba. Nitamnyoosha. Naye akirudi Kenya, yeyote atakayelala kwenye kitanda chako atapata unga wake, maadamu mimi niko Riyadh.

Pumzika, mtoto wangu. Nimekubali, haikuwa kodi.