Anwani Niliyoigawa Ihanda

Ihanda, Karagwe

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeshaacha kukohoa, na goti linakuruhusu kwenda kibanjani kwenye migomba bila fimbo. Shemeji naye mzima? Sisi huku hatujambo, duka langu la vitenge linakwenda, na mvua haijatunyima. Ningepiga simu, lakini simu ukiikata maneno yamekwisha. Haya nataka shemeji akusomee kwa sauti, mawifi zako wakiwepo, na asiruke mstari.

Binti yangu Koku yuko hapa mwezi wa pili sasa. Unajua kazi yake ya Dodoma, kutengeneza programu za kompyuta. Safari hii amekuja na kazi aliyoibuni mwenyewe, baada ya kuona mnyauko ulivyonimalizia migomba ya nyuma ya nyumba. Mkulima akiona majani yamenyong'onyea, anapiga picha kwa simu, anaandika jina na kitongoji chake, na bwana shamba anaiona palepale. Bwana shamba akaitisha mkutano, akasema wakulima wakiiona hapo inafanya kazi na wakaikubali, kata itaijaribu msimu mzima na Koku atabaki kuisimamia. Wakikataa, anarudi Dodoma. Dada, kabla ya safari hii, tangu aende chuo sikuwahi kukaa naye zaidi ya wiki mbili. Unajua nilivyoomba.

Anafanyia kazi kwenye meza yangu ya chakula. Programu nzima iko ndani ya laptop yake, imegawanywa, kila sehemu kwenye kontena yake: moja inaonyesha kurasa, nyingine inapokea picha, nyingine inatunza taarifa. Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Ni kama tunavyopika kwenye sherehe, ndizi sufuria yake, maharage yake, nyama yake. Chumvi ikizidi kwenye maharage unarekebisha maharage tu. Anaandika amri moja, zote zinawaka pamoja. Na mwenzake wa Dodoma akipewa maelekezo yaleyale, kwake nako zinawaka vilevile. Nilimweleza mteja mmoja hayo, akaniuliza nimesomea wapi. Darasa la saba, nikamjibu, ila tumbo langu limezaa chuo kikuu.

Sasa nikiri kosa langu. Siku moja Koku alikwenda kuoga akaiacha programu wazi, picha ya mgomba na jina la Ihanda. Juu kabisa kulikuwa na anwani. Nikainakili, herufi kwa herufi na namba zake, kwenye vikaratasi ninavyoandikia bei. Jumapili baada ya ibada nikavigawa. Nikawaambia hii ndiyo kazi ya binti yangu, fungueni, Jumatano mje mkutanoni mmeshaizoea.

Jumatano ukumbi wa kanisa ulijaa hadi mlangoni, wengine wametoka Chonyonyo kwa bodaboda. Koku hajafungua hata mashine, akasimama Mzee Rwechungura, jirani yangu mwenye kibanja kikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Mkononi ana kikaratasi changu.

"Mama Koku, naandika hivi tangu Jumapili. Simu inasema haioni kitu. Au inafunguka kwa wanaonunua vitenge tu?"

Watu wakacheka, wakatoa na vya kwao. Hakuna aliyefanikiwa. Bwana shamba akamtazama Koku, kisha akafunga daftari lake. Waitu dada, nilijiona nimemfukuza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Koku akakichukua kikaratasi, akakisoma, akatabasamu. Hakuniaibisha. Akawaeleza kwamba anwani ile inaiambia mashine itafute ndani yake yenyewe. Laptop ikijitafuta inaikuta programu. Simu ya mzee ikijitafuta tumboni, humo hamna kitu. Akasema programu bado iko jikoni, haijapelekwa kwenye mtandao wa watu wote.

"Kwa hiyo tumeitwa karamuni tukakuta kuni," Rwechungura akasema.

"Chakula kimeiva, babu. Sahani ndiyo ilitangulia. Nipe simu yako."

Akawasha mtandao mdogo kutoka kwenye simu yake, akaiunganisha laptop, kisha simu za watu. Ubaoni akaandika anwani nyingine, ya laptop ndani ya mtandao ule wa ukumbini. Wala bando halikuhitajika. Rwechungura akaandika kwa kidole kimoja, tukimngoja kama bwana harusi anayesaini cheti. Picha ya mgomba ikatokea. Akaenda dirishani, akaupiga picha mgomba wa nyuma ya ukumbi, akatuma. Kwenye laptop likatokea jina lake, na kitongoji chake, na mgomba.

Bwana shamba akafungua daftari.

Baada ya hapo kila mtu alitaka zamu yake. Mgomba ule umeripotiwa na ukumbi mzima, na hauumwi hata kidogo. Walipoulizwa kama wanaikubali, mikono ilinyooshwa hadi ya waliokuwa nje. Tukitoka, Rwechungura akaniambia bila vikaratasi vyangu nusu ya watu wasingekuja, walikuja kunicheka. Koku amenitaka nimuulize kwanza safari nyingine. Nimekubali, ingawa sioni kama nilikosea sana.

Msalimie shemeji msomaji, mwambie apumzishe koo. Wasalimie mawifi zako, hasa yule aliyesema binti hasomeshwi kompyuta. Mama mkwe wako mpelekee kahawa ya kutafuna niliyoifungasha pamoja na barua hii.

Fundi ananitengenezea kitanda kikubwa cha chumba cha Koku, maana kile cha wageni hakimfai tena. Watakaokuuliza yuko wapi, waambie yuko kwa mama yake.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Koku