Upande wa Nyuma wa Sinema

Malaba,
Jumanne, 15 Agosti 1967

Kwa mdogo wangu Zilpa,

Pokea salamu zangu, na kama umeketi, simama uzipokee vizuri. Mimi mwili mzima, sina homa wala kikohozi. Sijui nyinyi huko Khunyangu. Mguu wa Mama umepoa? Baba bado anagombana na yule jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba? Majibu mpe kwa mdomo Amoit, huyu mama aliyekuletea barua hii, wala usiyaandike popote. Yeye ndiye ananiuzia maziwa hapa Malaba, na amekuja soko la kwenu na gunia lake la njugu. Mpe chai kwanza, na isiwe ile chai yako ya maji.

Barua yako ilifika. Bwana wangu ndiye alinisomea mezani, maana kila kinachokuja kwa posta yeye hukifungua. Umesema watu wa Protus wanakuja nyumbani baada ya mavuno kusikia neno lako, na Baba amekwambia hatakulazimisha. Umesema moyo wako unaelekea kukubali, kwa sababu Krismasi iliyopita shemeji yako Mukhwana alikaa kwetu akasimulia jinsi mimi ninavyoona sinema kila mwezi, ninavyosoma vitabu, ninavyokula chakula cha hoteli. Na Protus ni ndugu yake wa tumbo moja, kwa hiyo atakutunza vilevile. Ukaniomba nikuambie mimi mwenyewe naonaje: sinema gani nzuri, kitabu gani, hoteli gani. Nitakujibu moja moja, na usiruke mistari kama unavyoruka Biblia ukitafuta mahali pa vita.

Tuanze na sinema. Gari la sinema linakuja mwisho wa mwezi, lile la watu wa sabuni, linasimama kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yetu. Wanasimika nguzo mbili, wanafunga kitambaa kikubwa cheupe, na jua likishatua mashine inaanza kunguruma. Watu wanajaa, madereva wa malori na matanboi wao wa kupakia mizigo, akina mama na watoto mgongoni, Waganda waliovuka kutoka ng'ambo. Mtu wa gari anashika kipaza sauti anaeleza kwa Kiswahili nani ni nani. Mwezi wa sita walionyesha ya mtu aliyeibiwa farasi wake, akawafuata wezi mpaka milimani, na mchumba wake akawa anamngoja stesheni. Niliipenda sana hiyo. Nililia pale farasi alipomtambua mwenyewe. Yule mchumba ndiye sikumpenda, kazi yake kukaa tu na mwavuli.

Lakini kuna jambo liliniudhi, na Mukhwana aliporudi ndani nilimwambia waziwazi. Nilimwambia wale watu wa sinema hawana adabu hata kidogo. Wakisalimiana wanatoa mkono wa kushoto. Wanakula kwa kushoto, wanaapa mbele ya hakimu kwa kushoto, hata padri wao alibariki kwa kushoto. Mukhwana alicheka mpaka akakohoa. Alinieleza kwamba kitambaa kina pande mbili, na mimi nilikuwa nimetazama kwa nyuma, kwa hiyo kulia kwao kwangu ni kushoto. Kesho yake akawasimulia mawakala wenzake wa forodha, nao wakacheka wiki nzima. Nasikia sasa wananiita Mama Kushoto.

Wewe usicheke bado. Jiulize kwa nini nilikuwa nyuma. Ni kwa sababu dirisha la jikoni letu ndilo linatazama uwanja, na mimi nilikuwa jikoni, na lango letu lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mukhwana, naye alikuwa amekaa mbele na wenzake kwenye viti. Na hata baada ya kicheko chote kile, hakuwaza kunifungulia. Mwezi uliofuata aliniletea mto wa kukalia pale dirishani, akauweka mwenyewe, akaupigapiga ulainike. Ndivyo alivyo, Zilpa. Sijatoka nje ya ua huu tangu Krismasi tulipokuja kwenu.

Yeye anasema Malaba si mahali pa mke wa mtu kutembea. Anasema malori yanalala hapa, madereva wana pesa na hawana wake, na mke akionekana barabarani mara mbili, jina lake linafika Nairobi kabla yake. Anaongea hayo taratibu, akinikata kucha za miguu. Hajanipiga hata siku moja. Hilo ndilo linanimaliza, maana sina kidonda cha kumwonyesha mtu. Krismasi ile nilimwita Baba kando, nyuma ya ghala, nikamwambia. Aliniuliza kama napigwa, nikasema sipigwi. Akaniuliza kama nalala njaa, nikasema hapana, juzi tu nililetewa kuku. Baba akauliza ni jela gani hiyo inayopika kuku, akaniambia nirudi kwangu nikamshukuru Mungu. Nilikasirika, na mpaka leo nimekasirika, ila usimwambie.

Haya, vitabu. Ninavyo vingi, hilo ni kweli. Mukhwana ananinunulia Busia kwa Mhindi mmoja anayeuza daftari na taa. Kilichonipendeza zaidi mwaka huu ni hadithi moja ya Kiswahili, ya kijana wa pwani aliyekwenda kufanya kazi kwenye mkonge. Mwandishi anajua kuandika mvua, ukisoma unataka kuanua nguo. Lakini kila kitabu Mukhwana hukisoma yeye kwanza, na kurasa anazoona hazifai kwa mke wa mtu huzikata kwa wembe, vizuri kabisa, huwezi kukuta hata kipande kilichoning'inia. Kwa hiyo katika ukurasa wa arobaini yule kijana anamwomba msichana maji ya kunywa, na katika ukurasa wa arobaini na saba wana mtoto anayetambaa. Kiu gani hiyo. Kurasa za katikati nimezitunga mwenyewe, nikizisema polepole huku nikiosha vyombo. Mwandishi akizisikia ataona haya.

Sasa hoteli. Hoteli ni ya Ojakol, karibu na reli, ndipo mawakala wote wanakula. Kila Ijumaa Mukhwana ananiletea chakula kutoka huko, ndani ya sufuria iliyofunikwa na kufungwa kitambaa, na yeye mwenyewe ananiwekea mezani. Matoke yake na mchuzi wa njugu ni matamu kweli. Samaki wake, ngege wa Sio Port, anawakaanga wakakauka mno. Na kuku, ndiyo, nimekula kuku, mimi mjukuu wa nyanya yetu ambaye alikufa bila kuonja hata bawa kwa sababu kuku alikuwa wa wanaume. Mara ya kwanza nilitafuna nikimwomba msamaha. Lakini kila kitu kinafika kimepoa, mafuta yameganda juu, na mimi nakula nikitazamwa, mpaka niseme kitamu. Nilimwuliza Mukhwana hoteli yenyewe ikoje, ina meza ngapi, watu wanasema nini wakiingia. Akasema ni hoteli tu. Niliposhikilia, akaeleza kwamba ukikaa, Ojakol anakuja na kitambaa begani anakuuliza utakula nini. Usiku huo sikulala vizuri. Nilihesabu tangu niolewe ni nani ameniuliza nitakula nini, nikakosa mtu.

Basi hayo ndiyo maoni yangu. Utapata barua yangu nyingine kwa posta, yenye stempu na mwandiko mzuri. Hiyo aliniomba Mukhwana niandike, akaninunulia karatasi na bahasha, akakaa pembeni. Hakuna uongo ndani yake. Sinema nimeziona, vitabu nimesoma, chakula cha Ojakol nimekula, na yote nimeyasifu kama yalivyo. Hii ya Amoit nimeiandika kwa karatasi zilizobaki, naye ataipokea pale ua ulipoachana kidogo, anaponipitishia maziwa.

Lakini Zilpa, sijamaliza, na hapa ndipo naona aibu. Mukhwana aliponiambia kwamba Protus anakutaka, na kwamba wanamjengea nyumba hapa hapa upande wa pili wa ua wetu, nilifurahi. Nilifurahi sana. Nilijua vizuri mlango utakaofungiwa, na bado nilifurahi. Nilifua mapazia. Niliwaza jinsi tutakavyoongea kupitia ua, wewe ukinisimulia umepika nini, mimi nikikusomea zile kurasa zangu za kutunga. Niliwaza tukicheka tena kama tulipokuwa tukilala kitanda kimoja kwa Mama, mpaka Baba agonge ukuta. Nilitaka uje, ufungiwe, ili mimi niwe na mtu. Hivyo ndivyo upweke wa huku umenifanya, mimi niliyekubeba mgongoni. Siku ile angenipa karatasi, ningekuandikia njoo mbio.

Kilichonizindua ni nyumba yenyewe. Mafundi walipomaliza, Mukhwana alinifungulia mlango mdogo wa ndani ya ua nipite niende kuipiga sakafu samadi, kwa ajili yako. Ni nyumba nzuri, mabati mapya. Ina dirisha moja tu. Nilifungua nione litatazama wapi, nikagusa ukuta. Ni ukuta wa ghala la pamba, uko karibu hata mkono haunyooki. Nikamwuliza Protus, aliyekuwa akipima mlango, kwa nini dirisha hawakuliweka upande wa uwanja. Aliniambia kwa heshima, akiniita shemeji, kwamba yeye amejifunza kwa kaka yake: mwanamke akitazama nje sana anaanza kuuliza maswali ya hoteli.

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya mto wangu. Nikaona kwamba mimi nina upande wa nyuma wa sinema, na wewe hata huo hutakuwa nao.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Watu wa Protus wakija, wapikie vizuri, wasalimie kwa mikono miwili, kisha useme hapana. Baba alisema neno ni lako, basi mshike hapo hapo. Akiuliza sababu, mwambie hupendi kuku. Atakasirika, Mama atanuna mpaka msimu wa kupanda, halafu yatapita. Mimi usinifikirie kwanza. Amoit anasema ua una nguzo moja iliyoliwa na mchwa, na sisi wawili tunaitazama kila asubuhi, hatujui bado tuifanyie nini. Na hata nikipita, sijui nyumba itakayonipokea, kwa sababu ya kwetu imeshanirudisha mara moja.

Gari la sinema linafika na Khunyangu pia, Amoit amenihakikishia. Likija, nenda mapema ukakae mbele kabisa. Kama ni ile ya farasi, tazama yule mwenye farasi anatokea upande gani anaporudi nyumbani, umwambie Amoit aniambie. Kwangu alitokea upande wa mto Malaba, na nimekuwa nikitaka kujua.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya mguu ni ile ya maji moto na chumvi, asione uvivu. Nisalimie Baba. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza wasalimie pia. Barua hii ukimaliza kuisoma iweke chini ya sufuria jikoni, iwashe moto wa chai ya Amoit.

Mimi ni dada yako ninayekutaka hapa kuliko kitu chochote duniani, na ndiyo maana nakukataza usije,

Perez