Maji ya Bibi Valeria

Paskalina, siamini nilichosikia! Tumetoka kumzika bibi, na baba kanisimulia sasa hivi.

Mwaka 1979 baba alikuwa katibu wa kijiji huku Ganako. Mgeni wa serikali anakuja kuzindua bomba, na bomba kavu. Baba akawaamuru kina mama wajaze tangi kwa ndoo!

Mgeni akatangaza, "Serikali imewaletea maji." Bibi akasimama: "Tumeyaleta sisi, kichwani, tangu jana."

Unajua baba alijibu nini? "Mama huyu ni mwongo." Mama yake mzazi! Mbele ya kijiji kizima! Mwongo!

Bibi akaketi. Jioni akampikia kama kawaida, asilitaje tena maisha yake yote.

Nikamuuliza baba, "Ulimwomba radhi?"

Akainamisha kichwa. "Leo, pale kaburini."